Kadi Ikishakwanguliwa: Nukta za Kwanta na Taa Inayotoa Mwanga Mmoja Mmoja

Mnakumbuka kadi za kredo? Zile za kukwangua. Ulikuwa unafika kwenye kioski, unapewa kadi, na kabla hujatoa pesa unaigeuza kuangalia kitu kimoja tu: ile rangi ya kijivu bado iko? Ikiwa imeguswa hata kidogo, unairudisha na kudai nyingine. Hakuna aliyekufundisha. Ulijua tu kwamba nambari ikishaonwa na mtu mwingine, hiyo kadi si yako peke yako tena.

Wiki hii tunawaomba mtuvumilie kidogo. Tunatoka kwenye mambo yetu ya kawaida ya kutuma, kutoa na kulipa bili, tunaingia maabara. Wateja kadhaa wametuuliza kuhusu neno "kwanta". Wengine wamesoma kwamba kompyuta za kwanta zitavunja kufuli zote za benki. Wengine wameletewa SMS za kuwauzia sarafu za kidijitali zenye "usalama wa kwanta" (hizo, tafadhali, zifuteni). Tukaona badala ya kujibu mmoja mmoja, tueleze jambo lenyewe kutoka mwanzo, na hasa sehemu ambayo haizungumzwi sana: taa. Ndiyo, taa. Kuna aina ya mawasiliano ambayo usalama wake unategemea kupata taa inayotoa chembe moja ya mwanga kwa wakati mmoja, na kuitengeneza taa hiyo kumewachukua wanasayansi zaidi ya miaka ishirini. Bado hawajamaliza.

Ufunguo ulio ndani ya laini yako

Tuanze na kitu ulicho nacho mkononi. Ndani ya laini yako ya simu kuna nambari ndefu ya siri ambayo wewe huijui. Iliwekwa humo laini ilipotengenezwa, na nakala yake inakaa kwa kampuni ya simu. Ukiwasha simu, mtandao hauiambii laini iitaje nambari hiyo. Unaipa hesabu ambayo haiwezi kufanywa bila nambari hiyo, halafu unaangalia kama jibu ni sawa. Kutoka kwa nambari hiyo hiyo ndipo hupatikana ufunguo wa kufunga mawasiliano kati ya simu yako na mnara.

Sasa angalia ufunguo ulivyokufikia: ulibebwa kwa mkono. Kutoka kiwandani, ndani ya boksi, hadi dukani, hadi kwenye simu yako. Ndiyo maana wakora wanahangaika sana kubadilisha laini za watu. Ufunguo wameshindwa kuuvunja, kwa hivyo wanakwenda kuomba wapewe mpya kwa jina lako.

Lakini mashine mbili zilizo mbali, tuseme kompyuta zetu na kompyuta za benki, haziwezi kutumiana boksi kila zinapohitaji ufunguo mpya. Zinapatana ufunguo kupitia mtandao ule ule ambao mwizi anaweza kuusikiliza. Tangu miaka ya 1970 hilo limefanywa kwa hesabu ambazo ni rahisi kwenda mbele na ngumu mno kurudi nyuma. Mbinu maarufu ya RSA, ya mwaka 1977, inategemea kwamba kuzidisha nambari mbili tasa kubwa ni kazi ya kufumba na kufumbua, ila ukipewa jibu peke yake, kuzitafuta zile nambari mbili zilizolizaa kunaweza kukumaliza maisha.

Mwaka 1994 Peter Shor, aliyekuwa Bell Labs huko Marekani, alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye nguvu ya kutosha ingeirudisha hesabu hiyo nyuma kwa haraka. Kompyuta ya nguvu hiyo haijatengenezwa. Tatizo ni kwamba mtu anaweza kurekodi leo mawasiliano yaliyofungwa, akayaweka kabatini, akangoja. Kwa muamala wa kununua unga, angoje tu. Kufikia wakati huo utakuwa umebadilisha PIN mara kumi. Faili ya hospitali haiko hivyo. Siri ya leo kuhusu afya yako bado itakuwa siri miaka thelathini ijayo.

Noti ambayo haighushiki

Dawa mojawapo ya tatizo hili ilianza na pesa, na hapo ndipo sisi tulipoanza kuipenda hii stori.

Karibu na mwaka 1970, kijana aitwaye Stephen Wiesner, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Columbia mjini New York, aliwaza noti ya benki ambayo haiwezi kughushiwa. Ndani ya noti zingenaswa chembe chache, kila moja ikiwekwa katika hali ambayo benki peke yake ndiyo inaijua. Mghushi angetaka kunakili noti, ingembidi kwanza azipime zile chembe, na chembe ndogo kiasi hicho ukiipima vibaya unaiharibu. Chembe ya mwanga, ambayo huitwa fotoni, iko hivyo. Haina fotokopi. Mwaka 1982 hilo lilithibitishwa kwa hesabu: fotoni usiyoijua hali yake haiwezi kunakiliwa kikamilifu, hata uwe na mashine ya bei gani.

Makala ya Wiesner ilikataliwa. Ilichapishwa mwaka 1983, miaka kumi na kitu baadaye, na yeye mwenyewe alikuja kufanya kazi ya mjengo mjini Jerusalem. Lakini alikuwa amemweleza rafiki yake, Charles Bennett. Na mwaka 1979, kwenye mkutano wa wanasayansi huko San Juan, Puerto Rico, Bennett alimwogelea baharini mtu ambaye hawakuwa wanajuana, Gilles Brassard kutoka Montréal, akaanza kumweleza habari za noti za kwanta wakiwa majini. Brassard ameisimulia hadithi hiyo mwenyewe. Kutokana na mazungumzo hayo wawili hao waliwasilisha, mwaka 1984 kwenye mkutano mjini Bangalore, India, mbinu inayoitwa BB84. Noti zilikuwa ndoto, kwa sababu hakuna aliyejua jinsi ya kuhifadhi fotoni kwenye karatasi. Lakini fotoni hupenda kusafiri. Basi badala ya kuzitunza, wakazituma.

Inavyofanya kazi ni hivi. Fikiria kadi ya kukwangua yenye visanduku viwili, cha kushoto na cha kulia. Mtumaji ameandika tarakimu, 0 au 1, katika kisanduku kimoja tu, anachokichagua kwa kubahatisha. Ukikwangua kisanduku sahihi, unaiona tarakimu. Ukikwangua kisicho sahihi, unaona tarakimu ya uongo iliyojitokeza kwa bahati nasibu, na ile ya kweli imepotea kabisa. Huwezi kukwangua vyote viwili. Kwa fotoni, "visanduku" ni njia mbili za kupima mwelekeo ambao mwanga unatikisikia: wima na mlalo, au mshazari wa huku na mshazari wa huku.

Mtumaji anatuma kadi nyingi. Mpokeaji anakwangua kwa kubahatisha kushoto au kulia. Baadaye wanapigiana simu ya kawaida, hata mwizi akiwa anasikiliza, na kutajiana visanduku tu bila tarakimu: "ya kwanza nilikwangua kushoto, ya pili kulia..." Zile ambazo hawakulingana wanazitupa, karibu nusu. Zilizobaki wote wawili wana tarakimu zile zile, na huo ndio ufunguo wao.

Mwizi akiwa katikati, naye anabahatisha. Nusu ya mara anakosea kisanduku, na kadi aliyoiharibu inabidi aibadilishe na nyingine ya kujitungia. Hesabu yake inatoka hivi: akizigusa kadi zote, robo ya tarakimu za ufunguo zitatofautiana kati ya mtumaji na mpokeaji. Wanachukua sampuli, wanalinganisha, wanaona makosa mengi hivyo, wanautupa ufunguo kabla haujafunga chochote. Ni ile ile hatua yako kwenye kioski: ukiona imekwanguliwa, unairudisha.

Jaribio la kwanza lilifanyika 1989. Umbali ambao fotoni zilisafiri? Sentimita 32 hivi, juu ya meza. Na vifaa vyao vilikuwa na kelele iliyotofautiana kulingana na tarakimu inayotumwa, hivi kwamba Brassard alitania kuwa mfumo wao ulikuwa salama kabisa dhidi ya mwizi yeyote aliye kiziwi.

Duka linalochapisha kadi mbili mbili

Umeona tumekuwa tukisema "kadi moja", "fotoni moja". Hapo ndipo pana shida.

Taa ya kawaida haitoi fotoni moja. Balbu ya nyumbani inamwaga nyingi mno kila sekunde, hata hazihesabiki. Kwa muda mrefu watafiti walitumia leza iliyopunguzwa nguvu mpaka ibaki karibu na kuzima. Lakini leza haijui kuhesabu. Ukiipunguza hadi wastani wa fotoni 0.1 kwa kila mpigo, kati ya mipigo 1,000 utapata takriban 905 isiyo na kitu, kama 90 yenye fotoni moja, na 5 hivi yenye mbili au zaidi.

Mitano inaonekana midogo. Lakini mpigo wenye fotoni mbili ni sawa na kadi iliyochapishwa mara mbili kwa tarakimu ile ile. Mwizi anaiba moja, anaiachia nyingine ipite, na anangoja mtaje visanduku kabla hajakwangua yake. Hakuna kosa litakaloonekana. Kibaya zaidi, faiba hupoteza fotoni nyingi njiani na kila mtu anajua hivyo. Basi mwizi mwenye vifaa vizuri anaweza kuzuia mipigo yenye fotoni moja, akapitisha tu ile ambayo tayari ameshaiba nakala, na mpokeaji akadhani ni upotevu wa kawaida wa njiani.

Kuna tiba ya ujanja iliyobuniwa kuanzia 2003, mbinu ya chambo. Mtumaji anachanganya mipigo yenye mwanga tofauti tofauti bila mpangilio, na mwizi hawezi kujua ni ipi ya chambo. Akianza kubagua, takwimu zinamshika. Inafanya kazi vizuri. Setilaiti ya China iitwayo Micius, iliyorushwa Agosti 2016, na njia ya faiba ya Beijing hadi Shanghai yenye urefu wa takriban kilomita 2,000, zote zimetumia leza na chambo. Tunalisema hili wazi kwa sababu kuna makala zinazoandika kana kwamba bila taa mpya hakuna mawasiliano ya kwanta. Yapo, na yanatumika.

Ila leza ina dari ambayo haiwezi kuivuka. Hata uirekebishe vipi, haiwezi kutoa fotoni moja kamili zaidi ya mara 37 katika mipigo 100. Mingine itakuwa mitupu au imezidi. Ukitaka kuvuka hapo unahitaji chanzo cha mwanga chenye tabia nyingine kabisa.

Mkeka mpana kwenye chumba kidogo

Chanzo hicho ni nukta ya kwanta. Jina ni la kutisha, lakini huenda tayari unayo sebuleni. Baadhi ya televisheni za siku hizi hupata rangi zake kutoka kwa nukta za kwanta, na Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023 ilienda kwa waliozigundua na kuzitengeneza: Alexei Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi. Ni punje ya semikondakta, yaani aina ya vitu vinavyotengenezewa chipu za simu, ila ndogo kiasi kwamba elektroni iliyo ndani inajikuta imebanwa. Kubanwa huko ndiko kunakoamua rangi. Punje za kitu kile kile zikiwa ndogo hung'aa kuelekea buluu, zikiwa kubwa zaidi huelekea nyekundu.

Nukta za mawasiliano ni binamu wa hizo za televisheni. Hazichanganywi kwenye chupa. Huoteshwa ndani ya kristali. Watafiti huchukua kipande cha galiamu asenaidi, wakiwa ndani ya chemba isiyo na hewa, na kukinyunyizia indiamu asenaidi tabaka moja la atomu baada ya jingine. Atomu za indiamu asenaidi huhitaji nafasi pana zaidi, kama asilimia 7. Ni kama kutandika mkeka mpana kwenye chumba kidogo: mwanzo unalazimisha unalala, ukizidisha unatuna. Karibu na tabaka la pili, utando huo hujikunja wenyewe na kuwa vilima vidogo. Kila kilima ni nukta, upana wake takriban nanomita 20, kimo nanomita chache. Unywele wako mmoja unaweza kupangiwa maelfu yake kwa upana.

Sasa kwa nini nukta inatoa fotoni moja? Fikiria kigoda kimoja kilicho juu ya ngazi. Mpigo mfupi wa leza unaipandisha elektroni mpaka pale juu. Ikishuka, inatoa fotoni moja, kwa kawaida ndani ya takriban nanosekunde moja. Haiwezi kutoa ya pili kabla haijapandishwa tena, na kigoda ni kimoja. Duka hili lina mashine inayochapisha kadi moja, halafu inangoja.

Huhitaji kuamini kwa imani. Kuna kipimo rahisi sana, tena kizuri. Unaweka kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, halafu vipokezi viwili, kimoja kila upande. Mwanga wa leza mara kwa mara utavigonga vyote viwili pamoja. Fotoni moja haiwezi kwenda pande mbili na kugonga mara mbili. Kama ni moja kweli, vipokezi havilii pamoja kamwe, au karibu kamwe. Mwaka 2000 kundi la Peter Michler na Atac Imamoglu, huko Santa Barbara, California, lilionyesha hivyo kwa nukta ya indiamu asenaidi. Miaka miwili baadaye, 2002, watafiti wa Stanford walitumia fotoni za nukta kutengeneza ufunguo wa siri. Mwaka huo huo watafiti wa Toshiba na chuo kikuu cha Cambridge nchini Uingereza waliifanya nukta itoe fotoni moja moja kwa umeme, bila leza ya kuichokoza, kama taa ndogo ya LED.

Friji, vioo na rangi isiyofaa

Kama ilifanya kazi 2002, mbona haiko sokoni leo? Swali zuri, na majibu yake ni ya kifundi zaidi kuliko ya kinadharia.

Kwanza baridi. Nukta hizi hufanya kazi vizuri zikipoozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sufuri, kwa sababu kwenye joto la kawaida atomu zinazozizunguka hutikisika na kuivuruga elektroni. Friji ya kufika huko ipo, lakini haiingii mfukoni.

Pili, mwanga unakwama. Galiamu asenaidi hupinda mwanga kwa nguvu sana, hivi kwamba nukta ikiwa ndani ya kipande cha kawaida, kama fotoni 2 tu kati ya 100 ndizo zinazotoka kwa juu. Nyingine zinarukaruka ndani mpaka zipotee. Dawa ni kuizungushia nukta vioo vidogo vinavyoilazimisha itoe mwanga kuelekea upande mmoja. Mwaka 2021 watafiti wa Basel, Uswisi, na Bochum, Ujerumani, walifikisha asilimia 57: kila wakichokoza nukta mara 100, takriban mara 57 fotoni ilionekana kwenye ncha ya faiba. Linganisha na ile dari ya 37 ya leza.

Tatu, rangi. Nukta za kawaida za indiamu asenaidi hutoa mwanga wa nanomita 900 na kitu, ambao faiba haupendi. Faiba zilizozikwa kando ya barabara zetu zinapitisha vizuri zaidi mwanga wa nanomita 1,550 hivi. Hata hapo, kila kilomita 50 hubakisha fotoni moja kati ya kumi. Tulikaa na kikokotoo. Kutoka Nairobi hadi Thika, tukichukulia kilomita 45 za faiba nzuri, ingefika fotoni moja kati ya nane. Hiyo ni sawa. Kutoka Nairobi hadi Mombasa, kwa kilomita 480, ingefika moja kati ya bilioni nne. Na huwezi kuweka mashine ya kuongeza nguvu njiani kama inavyofanywa kwa intaneti ya kawaida, kwa sababu kuongeza nguvu ni kunakili, na tumeshasema fotoni haina fotokopi. Kinga ile ile inayomzuia mwizi inamzuia pia fundi wa mtandao. Kwa sasa, safari ndefu hukatwa vipande, na kila kituo cha kati inabidi kiaminiwe na kilindwe.

Kwa hiyo kazi kubwa ya miaka ya karibuni imekuwa kuzifanya nukta zitoe rangi ya faiba. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Tokyo wakiwa na Fujitsu na NEC walituma ufunguo kwenye faiba ya kilomita 120 kwa kutumia nukta ya aina hiyo, ndani ya maabara. Mwaka 2021 huko Roma, chuo kikuu cha Sapienza kilitumia nukta inayotoa jozi za fotoni zilizofungamana, na kuunganisha majengo mawili yaliyoachana mita 250 hivi. Halafu mwaka 2024 ikachapishwa habari ambayo sisi tunaiona ndiyo kubwa kuliko zote hizo: ufunguo ulitumwa kati ya miji miwili ya Ujerumani, Hannover na Braunschweig, kwenye faiba ya kilomita 79 iliyozikwa ardhini, yenye joto na baridi na mitikisiko ya barabara halisi. Mle ndani ilipona fotoni moja kati ya takriban 350, na bado ufunguo ulipatikana. Mmoja wa waandishi ni Peter Michler, yule yule wa mwaka 2000, sasa akiwa Stuttgart. Miaka 24 kutoka meza ya maabara hadi barabarani.

Pesa tayari zimepita huko, mara moja moja. Mwaka 2004 mjini Vienna, kundi la Anton Zeilinger lilifunga muamala wa benki kwa ufunguo wa kwanta, kati ya ofisi za jiji na benki, kwa faiba iliyopitishwa kwenye mitaro ya majitaka. Chanzo cha mwanga hapo kilikuwa kristali, si nukta. Na Afrika haiko nyuma ya pazia: wakati wa Kombe la Dunia la 2010, kiungo cha kwanta kilitumika mjini Durban kuunganisha uwanja wa Moses Mabhida na kituo cha pamoja cha usalama, kazi iliyofanywa na chuo kikuu cha KwaZulu-Natal. Hicho pia kilitumia leza.

Fotoni haijui ni nani anapokea

Tumeulizwa moja kwa moja: je, sisi tunatumia hii? Hapana. Hakuna nukta ya kwanta kwenye huduma yetu wala kwenye simu yako, isipokuwa labda kwenye kioo chake. Kinga ya karibu zaidi dhidi ya kompyuta za kwanta ni hesabu mpya, ngumu kwa kompyuta za aina zote mbili kwa kadiri inavyojulikana. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vyake vitatu vya kwanza Agosti 2024. Hizo zinaingia kupitia masasisho ya kawaida ya programu, bila friji yoyote. Kwa maoni yetu, mtu wa kawaida atazitumia miaka mingi kabla hajaona fotoni moja moja zikilinda chochote chake. Nukta zitaanzia kwingine, kati ya makao makuu ya benki, hospitali na ofisi za serikali, mahali ambapo faiba ni fupi na siri ni ya muda mrefu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mara nyingi huachwa nje, nasi tunaliona kila siku kwenye malalamiko yenu. Rudi kwenye ile kadi ya visanduku viwili. Yote tuliyoeleza yanakuhakikishia kwamba hakuna mtu katikati anayechungulia. Hayakuambii aliye upande wa pili ni nani. Mwizi akikaa mwishoni mwa faiba na kujifanya benki, fotoni zitamfikia salama kabisa, moja moja, bila kukwanguliwa. Ndiyo maana mitambo ya ufunguo wa kwanta kwa kawaida huanza na siri fupi ambayo pande mbili zilishapeana kabla, kama ile nambari ya kwenye laini yako, ili zile simu za kutajiana visanduku ziwe kweli zinatoka kwa mwenyewe.

Yule anayekupigia saa mbili usiku akisema yeye ni wa huduma kwa wateja, kuna pesa zimeingia kwako kimakosa, hebu mtajie nambari ya siri azirudishe, hajavunja ufunguo wowote. Amekaa mwishoni mwa faiba. Sisi hatuulizi PIN kwa simu, kwa SMS wala kwa mtu aliyevaa fulana yetu. Kata simu, kisha piga wewe mwenyewe kwa nambari iliyo nyuma ya kadi yako ya laini au kwenye menyu ya huduma.

Wiki ijayo tunarudi kaunta: umetuma pesa kwa nambari isiyo yake, ufanye nini katika dakika kumi za kwanza.